Pua Iliyopima Viporo

Katika nyumba ile, hakuna kiporo kilicholiwa kabla hakijapita puani mwa mama mwenye nyumba. Maziwa yaliyolala, mchuzi wa juzi, kipande cha nyama kilichosahaulika nyuma ya friji, vyote vilipelekwa kwake kwanza. Alikuwa akifunga macho, anainamia sufuria, anavuta pumzi moja fupi, kisha anatoa hukumu. "Hii bado." Au, "Hii mwageni." Hakuna aliyekata rufaa. Mumewe alikuwa fundi kufuli, mtu wa kubishana juu ya kila kitu, kuanzia ubora wa bawaba hadi namna ya kumenya chungwa, lakini mbele ya pua ya mkewe alifyata ulimi.

Kazi yake mama huyo ilikuwa kupiga pasi. Londri aliyofanyia kazi ilikuwa chini ya jengo la ofisi, chumba kirefu chenye mashine za kufulia upande mmoja na meza za pasi upande wa pili, na katikati reli ya chuma iliyoning'iniza mashati ya watu wasiojuana, yakiwa yamegusana mabega. Huko nako pua ilimsaidia. Alijua shati lililosuuzwa kwa haraka. Alijua pasi ilipoanza kuzidi moto kabla kitambaa hakijabadilika rangi. Wenzake walimwita Bi Pasi. Nyumbani jina lililokaa ni lile alilopachikwa na mama mkwe wake: Pua. "Mpeni Pua kwanza," bibi huyo alikuwa akisema kutoka kwenye kiti chake cha karibu na dirisha, na sufuria ikabebwa.

Jina hilo halikuja bure. Alipoolewa, mama mkwe hakumpenda. Hakumchukia pia, alimtazama tu kama mtu anavyotazama kiti kilicholetwa sebuleni bila yeye kuulizwa. Bi harusi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, mkono wake ulikuwa mzito kwenye chumvi, na mzaha ukitolewa yeye alicheka wenzake wakiwa wameshamaliza. Kisha siku moja ndugu wa mume walikusanyika, ikapikwa sufuria kubwa ya samaki, na yeye aliyekuwa akipanga sahani akasimama ghafla.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huyu samaki ameharibika."

Mama mkwe alinusa, hakusikia kitu. Akaonja, hakusikia kitu. Aliudhika, maana sufuria ile aliisimamia mwenyewe. Lakini bi harusi hakurudi nyuma, na kwa shingo upande samaki akawekwa kando, wageni wakala mboga. Kesho yake habari zikaja kwamba jirani aliyenunua kwa muuzaji yuleyule amelazwa hospitali, yeye pamoja na mumewe. Tangu siku hiyo mama mkwe alimwita Pua, na alilitamka jina hilo kama mtu anayetaja cheo. Kiti kilikuwa kimepata mahali pake sebuleni.

Miaka ikapita. Watoto wakakua, wakubwa wakaenda kuanza maisha yao, akabaki binti wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye ofisi ya bima. Nyumba ikawa ya watu wanne: fundi kufuli, mkewe, mama mzazi wa fundi, ambaye sasa wote walimwita Bibi, na Kitinda aliyerudi kila jioni na hadithi za watu wa ofisini.

Halafu yakaja mafua. Yalikuwa mafua kama mengine, homa kidogo, kichwa kizito, kitanda kwa siku kadhaa. Pua alipoinuka na kurudi kazini alidhani yamekwisha. Chai tu ndiyo iliyomshangaza. Ilikuwa maji ya moto yenye sukari. Akafikiri majani yamechakaa, akafungua pakiti nyingine, ikawa vilevile. Akachukua limau, akakwangua ganda kwa kucha na kulipeleka puani. Kimya. Kazini alifungua dumu la dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Machozi yalimtoka, koo likamkereketa, lakini harufu haikuwepo. Alisimama pale na kifuniko mkononi, kama mtu aliyeita jina la mwenzake kwenye nyumba tupu.

Alijiambia itarudi. Mafua huchukua harufu na kuirudisha, kila mtu anajua hivyo. Wiki zikaenda, harufu haikurudi, na yeye hakumwambia mtu. Si kwamba alipanga kuficha. Siku ya kwanza Bibi alipomletea bakuli la maziwa, aliinama kwa mazoea, akavuta pumzi kwa mazoea, na mdomo ukasema, "Bado." Maziwa yalikuwa ya asubuhi ileile, hayakuwa na tatizo. Siku iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi. Akaanza kutumia macho: povu, utelezi, rangi ya mafuta yaliyoganda. Akaanza kukumbuka kitu kilipikwa lini. Akipata shaka alisema "mwageni," na kwa kuwa yeye ndiye Pua, kikamwagwa hata kama kilikuwa kizima.

Kazini mambo yalikuwa magumu zaidi. Siku moja alikuwa akinyoosha shati jeupe la mhudumu wa hoteli, mawazo yako mbali, pasi imetulia mgongoni mwa shati. Mwenzake wa meza ya kukunja ndiye aliyepaza sauti kutoka upande wa pili.

"Bi Pasi, unaunguza hiyo."

Alinyanyua pasi. Alama ya kahawia ilikuwa imekaa pale, umbo kamili la pasi, mithili ya jani. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda mbele ya uso wake na hakuusikia.

"Nilikuwa nimezama mawazoni," alisema.

"Wewe?" Mwenzake alimtazama. "Wewe ndiye huwa unaniambia mimi nimeunguza."

Alicheka kidogo, akalikunja lile shati ili wenzake wasione alama, akaenda kulionyesha kwa msimamizi na kukubali lawama. Jioni hiyo alitembea kwenda nyumbani badala ya kupanda gari. Njiani alipita penye duka la mikate, penye gereji, penye mfereji wa maji machafu ambao watu hupita wameziba pua. Mahali pote palikuwa sawa. Aligundua kuwa njia ile alikuwa akiijua kwa harufu kuliko kwa macho, na sasa ilikuwa kama picha ya njia.

Kwa nini hakusema? Baadaye alijiuliza sana. Jibu alilolipata halikumpendeza. Katika nyumba ile mume alikuwa na ufundi wake, binti alikuwa na elimu yake, Bibi alikuwa na umri wake. Yeye alikuwa na pua. Aliogopa kuwa ikiondoka hiyo atarudi kuwa kiti.

Ndipo ikaja piza. Ofisini kwa Kitinda kulikuwa na mfanyakazi aliyehamishwa, wakamuaga kwa piza na soda, na zikabaki. Kitinda akarudi nyumbani jioni amebeba maboksi mawili mapana kama trei. Bibi aliyatazama kwa mashaka.

"Ni nini hicho?"

"Piza, Bibi. Ulishawahi kula, umesahau tu."

"Ule mkate uliomwagikiwa mboga?"

"Huohuo."

Bibi alikula kipande kimoja kwa kukosoa na cha pili kwa kunyamaza. Boksi la kwanza likaisha. La pili, lenye kuku na uyoga, likabaki zaidi ya nusu. Joto la msimu ule lilikuwa kali, feni ilikuwa ikikoroga hewa ileile ya moto. Kitinda alijaribu kuliingiza boksi kwenye friji, halikuingia. Akaliinamisha upande, mlango haukufunga. Ndani kulikuwa na sufuria na chupa za maji na nusu ya tikiti.

"Liache mezani," alisema baba yake, ambaye alikuwa ameshavua viatu. "Kesho tutaona."

Wakalifunika kwa kitambaa cha meza, wakaenda kulala.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya Pua. Mume na binti waliondoka asubuhi, wakabaki wanawake wawili. Pua alifua, akadeki, akapanga kabati. Jua lilipokuwa juu kabisa, Bibi aliita kutoka kitini.

"Ule mkate wa jana bado upo?"

"Upo, Mama."

"Hebu nusa. Mimi nauona mzima, lakini nusa."

Pua alifunua kitambaa, akafungua boksi. Vipande vilikuwa vimekakamaa kidogo, jibini imeganda na kung'aa, nyanya ni nyekundu kama jana. Aliinama. Alifunga macho. Akavuta pumzi, na ndani ya pumzi hiyo hapakuwa na kuku, wala uyoga, wala karatasi ya boksi. Angeweza kusema "mwaga." Lakini Bibi alikuwa akitazama, alikuwa na hamu, na kitu chenyewe kilionekana kizuri. Zaidi ya hayo, amwage kwa sababu gani? Hukumu ya kumwaga ilitaka maelezo, na Bibi alikuwa hodari wa kuuliza maelezo.

"Bado," alisema.

Bibi alikula vipande viwili, vya baridi, kwa sababu hakutaka kusubiri vipashwe. Pua alimega ukingo wa kimoja, mkate mtupu, akatafuna bila hamu na kuuacha. Siku hizo hakuwa na hamu ya kitu chochote.

Jua lilipoanza kushuka, Bibi alisema tumbo halimpi raha. Baada ya muda mfupi alikimbilia chooni akiwa ameshika ukuta. Alitapika, akahara, akatapika tena, na kila aliporudi kitandani uso ulikuwa umesinyaa zaidi. Fundi kufuli alirudi akamkuta mama yake midomo imekauka na macho yameingia ndani. Hakuuliza mengi. Alimbeba mgongoni kushuka ngazi, jirani mwenye teksi akawapeleka hospitali, Pua nyuma amemshika Bibi mkono, akiuhisi unavyozidi kuwa mwepesi.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Aliamuru dripu, akapima, akagusa tumbo, akauliza alichokula.

"Piza," alisema Pua.

"Mpya?"

"Ya jana."

"Ilikaa wapi?"

"Mezani. Boksi halikuingia kwenye friji."

"Lakini mke wangu aliinusa," fundi kufuli aliingilia. "Mke wangu ana pua, daktari. Kitu kikiharibika anakijua kabla yako na mimi."

Daktari aliendelea kurekebisha dripu. "Pua inajua kilichooza," alisema. "Samaki akioza ananuka, nyama ikioza inanuka, mnaitupa, mnasalimika. Kinacholaza watu hapa mara nyingi bado hakijaoza. Vijidudu vinazaliana kwenye joto, vinatoa sumu, na chakula hakibadilishi harufu, rangi wala ladha. Hata ungekuwa na pua ya mbwa wa polisi, ungesema ni kizima."

"Sasa mtu atajuaje?" aliuliza fundi.

"Hajui kwa kunusa. Anajua kwa saa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwa joto la siku hizi, saa moja. Boksi haliingii, basi toeni vipande, wekeni kwenye chombo chenye mfuniko, kiingie friji. Kiliwe ndani ya siku tatu au nne, siyo wiki. Na mkipasha, pasheni mpaka katikati pafuke mvuke, siyo kingo tu."

"Kwa hiyo tungeipasha leo asingeumwa," alisema fundi.

"Hapana," alisema daktari. "Ikishalala nje, kuna sumu ambayo moto hauiondoi. Hiyo ni ya kutupa. Najua inauma kutupa kitu kizuri, lakini ni ya kutupa."

Walipotoka kwenye korido, fundi kufuli alimshika mkewe bega, jambo ambalo si kawaida yake mbele za watu.

"Umesikia? Usijilaumu. Hata wewe usingeweza kujua."

Pua alikuwa amesikia vizuri sana. Daktari, bila kukusudia, alikuwa amemjengea kibanda na kumwonyesha mlango. Angeweza kuingia humo na kukaa maisha yake yote. Pua nzima isingesaidia, kwa hiyo pua iliyokufa haikumdhuru mtu. Ilikuwa kweli tupu. Lakini alipoigeuza ile kweli kichwani aliona upande wake wa pili: yeye hakulijua hilo alipoinama juu ya boksi. Yeye aliamini pua ndiyo kinga ya nyumba, alijua kinga haipo, na bado alisema "bado" kwa mwanamke mzee aliyekuwa akimtazama. Alikaa kwenye benchi la korido ameshika tama. Mumewe akamletea chai, akainywa, maji ya moto yenye sukari.

Asubuhi Bibi alikuwa amepata nafuu. Rangi ilikuwa imerudi usoni, na alikuwa amemlalamikia muuguzi juu ya mto. Fundi alikwenda kufungua duka lake. Pua alibaki, akamwosha Bibi uso kwa kitambaa, akamchana nywele, na alipomaliza hakuweka kitana chini.

"Mama, nina neno."

"Sema."

"Sisikii harufu. Yale mafua yalipoondoka yaliondoka nayo. Sisikii kitu chochote."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Wanasema hospitali inanuka dawa. Mimi sijui."

"Sasa jana ulinusa nini?"

"Sikunusa kitu. Niliinama tu."

Bibi aligeuza macho kwenye dari. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akikohoa, na mhudumu alipita akisukuma kigari cha vyombo. Kilipokwisha kupita, Bibi alisema, "Ningekufa, ungewaambia?"

Pua alitaka kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo na lilikuwa pale ulimini.

"Sijui, Mama," alisema.

"Haya." Bibi alifumba macho. "Hilo angalau hukulikisia. Nipandishie mto."

Bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani alikaa kwenye kiti chake kama zamani, lakini jina alilibadilisha. Sasa alimwita "mke wa mwanangu." Mke wa mwanangu, naomba maji. Mke wa mwanangu, funga dirisha. Hakukuwa na ukali katika sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Pua. Ukali angeuweza.

Mumewe alipoambiwa, aliuliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria.

"Na gesi?"

"Gesi nini?"

"Mtungi ukivuja mchana uko peke yako na Mama, utajuaje?"

Fundi aliinuka palepale, akauhamishia mtungi kibarazani, akatoboa ukuta na kupitisha mpira mpya, akamfundisha mkewe kupaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama linatoa mapovu. Kila mara jiko likizimwa, mtungi nao ufungwe. Alifanya yote hayo bila kubishana, na hivyo ndivyo mkewe alivyojua kuwa ameshtuka. Mazoea tu ndiyo yaliyomshinda. Kwa wiki nyingi aliendelea kuchukua glasi ya maziwa, kuinyoosha kuelekea kwa mkewe, kisha mkono ukasimama hewani. Mara nyingine aliipeleka polepole mdomoni mwake, mara nyingine aliimwaga kwenye sinki akageuka upande mwingine.

Pua alikuwa na muda mwingi wa kufikiri akiwa mezani kwake londri. Alifikiri juu ya hukumu zote alizotoa miaka yote ile. Samaki yule wa kwanza, ndiyo, alimjua kwa haki. Lakini wali uliokaa mezani tangu mchana? Mayai ya kuchemsha yaliyosafiri kwenye mfuko? Hukumu ngapi za "bado" alizitoa kwa uhakika mkubwa, na kilichowaokoa ni bahati? Alikuwa akidhani amepoteza kitu kilichoilinda nyumba. Sasa ilionekana kitu hicho hakikuwahi kuwepo kwa ukubwa waliodhani. Wazo hilo lilimpa nafuu, na nafuu ile ikamhuzunisha, kama mtu aliyeambiwa kuwa nyumba iliyoungua haikuwa ya kwake.

Ilikuwa Kitinda aliyeleta piza nyingine. Safari hii haikuwa mabaki ya ofisini; aliinunua mwenyewe, ikiwa moto, na akaiweka mezani kwa aibu, kwa sababu tangu yale yaliyotokea alijiona yeye ndiye aliyeingiza ugonjwa nyumbani. Watu watatu walilitazama boksi kama limo nyoka.

"Leteni," alisema Bibi.

"Bibi, si lazima."

"Siwezi kuacha kula kitu kwa sababu kiliwahi kunitukana. Leteni."

Wakala. Vikabaki vipande vichache. Hapo ndipo mazoea yao ya zamani yalipoanzia, na mazoea hayo hayakuwapo tena. Pua aliinuka. Hakusubiri piza ikae. Alitoa vipande kwenye boksi, akavipanga ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, karatasi ya kuokea kati ya kipande na kipande visigandane. Kisha akatoa mfukoni ukanda mdogo wa kitambaa, ule wanaoubandika kwenye nguo za wateja pale londri, akaandika siku ya juma, akaubandika kwenye mfuniko. Aliondoa chupa mbili za maji kwenye friji, chombo kikaingia.

"Na hizo chupa?" aliuliza mumewe.

"Maji yakikaa nje hayamlazi mtu," alisema.

Bibi alikuwa akifuatilia kila hatua kutoka kitini.

Kesho yake mchana, Pua alitoa vipande viwili. Aliweka kikaango kikavu kwenye moto mdogo, akavilaza. Baada ya muda alidondosha matone ya maji pembeni, mbali na mkate, akafunika haraka. Bibi alikuwa amekuja jikoni na mkongojo wake, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu hospitali.

"Kwa nini maji?"

"Mvuke unashuka juu ya jibini, Mama. Chini panakauka, juu panapata moto. Ni kama kupiga pasi shati zito; pasi peke yake haifiki ndani."

"Utajuaje kimeiva?"

Pua aliinamisha sikio. Chini ya mfuniko palisikika mchemko mdogo, kisha mchemko ukapungua, ukageuka kuwa mkwaruzo mkavu, kama mtu anayekanyaga majani. Alifunua. Jibini ilikuwa ikipumua kwa vipovu, na mvuke ulipanda katikati ya kipande, si kingoni tu. Aligusa katikati kwa ncha ya kisu, akakiweka kisu kwenye kiganja. Kilichoma.

"Tayari."

Walikaa kwenye meza ya jikoni, wawili. Bibi alimega, akapuliza, akatafuna.

"Ina harufu gani?" aliuliza Pua.

Hakujua kwamba angeuliza. Bibi alisimamisha kipande njiani.

"Harufu?" Alikileta puani, akafikiri. Hakuwa amezoea kazi hiyo. "Inanuka mkate. Mkate wa alfajiri, ule unaotoka kwenye tanuri mlango ukifunguliwa. Halafu kuna kitu cha majani. Majani yaliyokauka." Akanusa tena. "Na kidogo kama soksi."

Pua alicheka. Kwa mara ya kwanza alicheka kwa wakati.

"Usicheke. Wewe umetuambia 'bado' na 'mwageni' miaka yote hii, hukuwahi kutueleza harufu yenyewe ikoje. Ulikuwa mchoyo wa maelezo." Bibi alitafuna. "Ungeniambia tu, Pua. Siyo kuhusu kuku. Kuhusu hiyo pua. Kukaa na jambo hilo peke yako nyumba moja na mimi, hilo ndilo lililonikera."

"Niliogopa, Mama."

"Ya nini?"

"Sikujua nimebaki na nini."

Bibi hakuwa mtu wa maneno matamu na hakuyatafuta. Alisukuma sahani kidogo upande wa mkwewe. "Kula, kitapoa," alisema.

Daktari wa masikio na pua alisema harufu huenda ikarudi na huenda isirudi. Alimpa mazoezi ya kunusa vitu vikali kila siku, karafuu, limau, majani ya mchaichai, na Pua aliyafanya kwa utiifu bila kutarajia sana. Miezi baadaye kitu kilirudi, lakini kimepinda. Kitunguu kikikaangwa alisikia mpira unaoungua. Kahawa ilinuka kama chuma. Kazini alimweleza msimamizi ukweli, akawekewa saa ya kengele kwenye meza yake, na mwenzake wa kukunja akahamishiwa jirani yake ili aseme moshi ukitokea. Hakuunguza shati jingine.

Nyumbani hukumu za viporo hazikuwa zake tena, wala za mtu mwingine. Zilikuwa za ukanda uliobandikwa kwenye mfuniko. Mumewe alibishana nazo, kama ilivyotarajiwa. Mara moja alishika chombo cha piza kilichopita siku zake, akakifungua na kunusa kwa kujigamba.

"Hii nzima kabisa. Hebu ona rangi yake."

"Imepita," alisema mkewe.

"Kwa siku moja tu."

Mkewe alikitwaa mkononi mwake, akavidondosha vipande kwenye pipa. Vilikuwa vizuri kweli, kuku ana rangi, jibini haina doa. Ilimuuma. Alisimama akiangalia pipa kwa muda, kisha akalifunika na kunawa mikono.

Kitu kimoja hakukitarajia. Vyakula vingi vilikuwa vimekufa mdomoni mwake, lakini piza iliyopashwa kikaangoni haikufa yote. Ulimi bado ulijua chumvi, na uchachu wa nyanya, na mafuta, na pilipili. Meno yalijua sakafu ile kavu inayovunjika, na jibini inayovutika kabla haijakatika. Kitinda alipogundua hilo alianza kupitia dukani siku za mwisho wa wiki, bila kusema kwa nini. Na siku ya mapumziko yake, nyumba ikiwa tulivu na Bibi amesinzia dirishani, Pua alikuwa akiweka kipande kimoja kwenye moto mdogo, anafunika, anasimama hapo na kitambaa cha jikoni begani, akisikiliza. Mkwaruzo ukianza, anazima jiko, anatoka kibarazani kufunga mtungi, anarudi na kula polepole, amesimama, kikiwa bado kinachoma vidole.